Mwili Utazoea

Baiskeli iliingia kwetu Chanika, Handeni, jioni ya Jumapili moja ya Januari 2025, imelazwa tumboni mwa basi la kutoka Tanga. Mume wangu hakukubali mpagazi aiguse. Aliishusha mwenyewe, akaisukuma kutoka stendi hadi nyumbani, watoto wa mtaa wakimfuata kama wanaofuata ngoma. Ilikuwa ya bluu, nyembamba, usukani wake umepinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Aliiegemeza kwenye nguzo ya baraza, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaniambia, "Mwalimu, kuanzia kesho bodaboda basi."

Nilijua imegharimu nini. Yeye ni fundi mwashi, na fedha zile zilikuwa malipo ya nyumba aliyoisimamisha Vibaoni tangu msingi hadi lenta. Tulikuwa tumezipangia mabati mapya ya jikoni. Lakini shule ninayofundisha iko kijijini, upande wa barabara ya Korogwe, kilomita 14 kutoka mlangoni kwetu, na nauli ya pikipiki, kwenda na kurudi, siku 5 kwa wiki, ilikuwa inautafuna mshahara wangu kama mchwa. Akapiga hesabu kimya kimya, akaenda Tanga mjini kwenye baiskeli za mitumba, akachagua aliyoiona nzuri kuliko zote.

Nzuri ilikuwa kweli. Ila haikuwa imepangwa kwa mtu wa kimo changu, na nyumba nzima hakuna aliyelijua hilo.

Si kwamba sisi wa Handeni ni wageni wa baiskeli. Wilaya hii imekunywa maji kwa mgongo wa baiskeli miaka mingi. Mradi wa HTM unavuta maji kutoka Mto Pangani kule Korogwe, lakini mabomba yalipokauka, ni vijana wa madumu ya lita 20 waliozunguka mtaa kwa mtaa, madumu mawili huku, mawili kule, wao wenyewe wakitembea kwa miguu pembeni. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliacha Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini na kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Mpaka leo imeegemea ukuta wa stoo, na mama mkwe huipaka mafuta cheni yake ingawa hakuna anayeipanda.

Hapo ndipo tulipopotea. Mtu wa baiskeli ya Swala au Phoenix hukaa wima kama aliyekaa kwenye kiti cha chakula. Uzito wake wote hushukia kiti kipana chenye springi, na mikono kazi yake ni kuelekeza tu. Baiskeli ya mbio, kama hii ya bluu, humlaza mtu mbele, na uzito hugawanywa sehemu tatu: makalio, mikono na miguu. Sehemu moja ikizidishiwa mzigo, zote tatu zitalia. Sisi tuliijua baiskeli moja, tukaitendea ya pili kama ndugu yake pacha.

Kiti cha chini

Jumatatu alfajiri mume wangu aliteremsha kiti hadi nilipoweza kugusa chini kwa ncha za miguu yote miwili nikiwa nimekaa. "Usije ukaanguka mbele ya lori," alisema, na katika sauti yake nilisikia hofu ya kweli. Barabara yetu ya Korogwe ni lami ya kilomita 65 hivi, inapanda na kushuka katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo, na malori yanayoipita hayasubiri mtu.

Siku ya kwanza nilifika shuleni nikiwa na furaha. Siku ya tatu niliamka na goti lisilotaka kukunjika. Maumivu yalikuwa mbele, chini ya kile kifupa cha mviringo, na kila kilima kiliyaongeza. Nilipomwambia mume wangu, alinishika bega kwa upole. "Mwili utazoea," alisema. "Mimi wiki ya kwanza ya kushika mwiko sikuweza hata kufunga vifungo vya shati."

Nikamwamini, kwa sababu yeye anaijua kazi ya mwili kuliko mimi. Lakini hesabu ya goti ni nyingine. Kiti kikiwa chini, pedeli inapofika juu goti huwa limekunjwa kupita kiasi, na hapo hapo ndipo linapotakiwa kusukuma. Mimi hutumia dakika 50 hivi njiani, na mguu huzunguka kama mara 70 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 3,500 kwenda, na 3,500 kurudi. Kosa dogo likirudiwa mara 7,000 kwa siku si dogo tena, na goti halizoei kusagwa.

Kiti cha juu

Wiki ya tatu nilimpitia fundi baiskeli mmoja anayefanya kazi chini ya mti. Alinisikiliza, akatazama kiti, akatikisa kichwa. "Mwalimu, baiskeli ya mbio hukaliwa juu," alisema. Akalegeza boliti, akavuta bomba la kiti, akakaza. Hakuniambia nipande anitazame, na mimi sikujua kwamba napaswa kumwomba.

Maumivu ya mbele ya goti yalinyamaza ndani ya siku mbili. Nikamshukuru moyoni. Kisha yakaamka ya nyuma, ule mshipa wa uvunguni mwa goti ukavutika kama kamba ya mbuzi. Ili niifikie pedeli ikiwa chini, ilibidi ninyooshe mguu mpaka ncha ya kidole, na nyonga zangu zikawa zinayumba kushoto, kulia, kushoto, kulia, kilomita 14 nzima. Mwili unaoyumba juu ya kiti chembamba hujisugua. Ijumaa ile nilirudi nyumbani nikiwa na michubuko mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi mtu.

Hili sikumwambia yeyote. Ningemwambia nani? Mume wangu aliyeyatoa mabati ya jikoni kwa ajili yangu? Nilianza kuoga maji ya chumvi usiku watoto wakilala, na kukaa upande upande kwenye mkeka, nikijiambia maneno yale yale: mwili utazoea.

Sponji

Mwanetu wa kwanza, wa kidato cha pili, aliona mama yake anaminya midomo kila akipanda baiskeli. Ni mtoto mwenye huruma, na huruma yake ina haraka. Jumamosi nikiwa kisimani, alichukua kisu, akakata sponji kutoka kiti kikubwa cha sebuleni, kile cha mama mkwe, akakirudishia kitambaa chake vizuri kama hakikuguswa. Kipande alikifunga juu ya kiti cha baiskeli kwa mpira wa tyubu, tabaka mbili.

Alasiri ile ile walikuja wazee watatu kuzungumza na mama mkwe habari za posa ya binti wa ukoo. Mkubwa wao, mzee wa heshima mwenye mkongojo, alikaribishwa kiti kile kikubwa. Alishuka nacho mpaka kwenye mbao, magoti yakampanda kifuani, mkongojo ukaanguka na kuikumba sinia ya chai. Vikombe vinne vilivunjika. Mama mkwe hakusema neno mbele ya wageni. Alimnyanyua mzee kwa mikono yake, akamhamishia kiti kingine, akaomba radhi. Wageni walipoondoka alimwita mjukuu wake, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeipeleka wapi sponji yangu?"

Mtoto alionyesha baiskeli. Bibi yake aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikayakwepa macho yake.

Na sponji haikusaidia. Kilomita mbili za kwanza niliona nafuu, kisha mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Kiti laini mno humezwa na mifupa. Mifupa miwili ya makalio huzama hadi kwenye ugumu wa chini, na sponji iliyo katikati huinuka na kuibana nyama laini ambayo haikuumbwa kubeba uzito. Kinachotakiwa ni kiti kinachoibeba mifupa ile miwili na kuacha palipobaki papumue.

Chaki na maharage

Mume wangu naye hakukaa bure. Aliposikia kwamba kiti kinanisumbua, bila mimi kumweleza wapi, aliinamisha pua yake kuelekea chini. Alidhani ananipunguzia. Matokeo yake nikawa nateleza mbele kila dakika, na ili nisishuke ikabidi nijizuie kwa mikono, viwiko vimekazwa, mwili wote umeegemea viganja.

Machi yote mikono yangu ilikufa ganzi. Ilianzia kidole kidogo na cha pete, maana mshipa wa fahamu unaovilisha vidole hivyo hupita pembeni mwa kiganja, pale pale panapogandamizwa na usukani. Asubuhi moja chaki ilinitoka mkononi mara tatu mbele ya darasa la nne. Watoto walinyamaza. Mtoto mmoja wa dawati la mbele aliinuka, akaiokota, akaniwekea kiganjani na kunifumbia vidole juu yake, kama afanyavyo mtu kwa bibi yake mzee. Nilimaliza kipindi kile nikiwa na donge kooni.

Jioni ile nikaepua sufuria ya maharage, mkono ukaniachia. Maharage ya watu sita yakamwagika kwenye majivu. Mume wangu alikuwa ametoka kazini, ana njaa, ana saruji kwenye nywele. Akatazama sakafu, akatazama mikono yangu, akasema jambo ambalo najua lilikuwa limemkaa siku nyingi.

"Kama huitaki baiskeli yangu, sema. Usinionyeshe kwa vitendo."

Nikajibu vibaya. Nikamwambia hakuna aliyemtuma. Alitoka nje bila kula, akaichukua baiskeli, akaifungia stoo, ubavuni mwa Swala ya baba yake. Jumatatu nilipanda bodaboda. Mvua za masika zilianza wiki ile, na nyumbani kwetu watu wawili walipitana mlangoni kwa salamu tu. Yeye alidhani nimedharau zawadi yake. Mimi niliona kumwambia ukweli ni kumwambia kwamba zawadi yake imenijeruhi. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na kimya kikawa ukuta unaopanda kozi kwa kozi.

Mama mkwe anauliza

Usiku wa nne mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi, taa ya mkono iko chini. "Kaa," aliniambia. Nikakaa upande, kama nilivyokuwa nimezoea. Akaacha kukuna.

"Mwanangu, hiyo wiki ya ngapi unakaa hivyo?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mimi nimezaa watoto saba. Hakuna mahali pa mwili wa mwanamke ambapo pananitisha. Niambie panauma wapi."

Nikamwambia. Nilianza na magoti, nikaenda mikono, nikafika shingo, na mwisho, nikiyatazama majivu, nikamwambia na pale. Hakushtuka. Alinyanyuka, akaniletea mafuta ya mgando kutoka chumbani kwake, akanieleza namna ya kuosha, kukausha na kuacha ngozi ipate hewa. Kisha akauliza swali ambalo tangu Januari hakuna aliyeliuliza.

"Alipoileta hiyo baiskeli, alikupima?"

"Kunipima vipi, Mama?"

"Mimi nimeshona miaka 40," alisema. "Mtu akiniletea kitambaa, hata kiwe cha bei gani, sishiki mkasi kabla sijashika futi. Nampima bega, nampima kiuno, nampima mkono. Nguo ikimbana, siwezi kumwambia mwili utazoea. Mwili wake kapewa na Mungu. Nguo nimeishona mimi."

Asubuhi alimwita mwanawe barazani. Sikuyasikia waliyozungumza, maana nilikuwa nachambua mchele ndani. Niliona tu mume wangu amekaa kwenye ngazi, kainamisha kichwa, mkono wa mama yake uko mgongoni mwake. Alipoingia ndani alisimama mbele yangu muda mrefu. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. Nikamwambia, "Kwa sababu uliinunua kwa mabati." Akaketi sakafuni karibu yangu, akaanza kuchambua mchele pamoja nami, na kwa mkono wake mzito wa mwashi alitupa punje nzima pamoja na mawe. Sikumzuia.

Futi, timazi na pimamaji

Jumamosi baraza letu liligeuka karakana. Mama mkwe alileta futi yake ya cherehani. Mume wangu alileta tepu ya chuma, timazi, pimamaji na penseli ya ujenzi. Mwanetu alikuwa amesoma kwenye simu yake usiku kucha, akaandika hatua zote kwenye daftari, kwa mwandiko safi. Nadhani alikuwa bado analipia vikombe.

Tulianza na urefu wa kiti. Nilisimama peku, mgongo ukutani, kamusi yangu ya jalada gumu katikati ya mapaja, imepandishwa juu kama kiti kinavyopanda. Mama mkwe ndiye aliyeishika, na ndiye aliyepima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kamusi: sentimita 75. Mwanetu akazidisha kwa 0.883, hesabu iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France mara 3. Jibu: sentimita 66 na kidogo, kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya kiti.

Mume wangu akapima kiti kilivyokuwa. 70. Akapima alama ya kutu iliyoonyesha pale alipokiteremsha yeye Januari. 59.

Alishusha tepu. "Ukuta wangu ukipinda nusu sentimita," alisema, "naubomoa. Hata kama mwenye nyumba hajauona." Hakusema zaidi, na hakuna aliyehitaji zaidi. Akakiweka 66, nikapanda huku wameshika baiskeli, nikaweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukanyooka bila kuvutika. Nilipokanyaga kama ninavyoendesha, kwa ile sehemu pana ya unyayo, goti likabaki limekunjika kidogo tu. Mama mkwe alisimama nyuma, macho kwenye nyonga zangu, kama anayetazama sketi inavyoanguka. "Zungusha," alisema. Nikazungusha. "Haziyumbi," akasema.

Kisha pimamaji. Mume wangu aliweka ubao bapa juu ya kiti, juu yake pimamaji, akakikaza taratibu mpaka kitone cha hewa kikakaa katikati. Kisha timazi. Pedeli zikiwa sawa, moja mbele, moja nyuma, alishikilia uzi mbele ya goti langu na kuuachia uzito ushuke. Uliangukia mbele ya ekseli ya pedeli kwa sentimita mbili. Akarudisha kiti nyuma hadi uzi ulipokaa juu ya ekseli. Hiki ni kianzio na si sheria, maana miili haifanani, lakini mtu asiye na kianzio huzunguka gizani kama tulivyozunguka sisi.

Yakabaki mawili. La kwanza, upana wa kiti. Mama mkwe alichukua kipande cha boksi la sabuni, akakiweka juu ya kibao kigumu, akanikalisha dakika moja, akaniinua. Pamebonyea mahali pawili, mifupa miwili, katikati yake sentimita 13. Akapima kiti cha baiskeli mahali kipana kuliko pote: sentimita 13 vilevile. Mifupa yangu ilikuwa inakalia kingo. Nyonga za wanawake wengi ni pana kuliko za wanaume, na kiti kile kilitengenezwa kwa mwanamume. La pili, usukani ulikuwa mbali. Shingo inayoushikilia ilikuwa na sentimita 11, na mimi mwenye sentimita 163 nilijinyoosha mpaka mabega yakapanda masikioni. Ndiyo maana shingo yangu nayo iliuma.

Mume wangu alikwenda Korogwe kutafuta vyote viwili, hakupata. Wiki iliyofuata alikwenda Tanga, akarudi na kiti cha mtumba cha sentimita 15 na nusu, chenye mfereji katikati, na shingo ya sentimita 8. Safari hii alikuwa na vipimo vimeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu.

Kuanzia hapo tulikubaliana kubadili kitu kimoja kwa wakati, kuendesha siku nne, kuandika, ndipo tuguse kingine. Ukibadili vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeumiza. Namba zote mume wangu aliziandika ukutani barazani kwa penseli, chini ya pale alipoandika urefu wa watoto.

Usiku mmoja aliniuliza kama si udhaifu, kubadili badili hivi. Nikamsimulia habari za Mbelgiji Eddy Merckx, aliyeshinda Tour de France mara 5 kati ya 1969 na 1974. Mwaka 1969, katika uwanja wa Blois, Ufaransa, alipata ajali iliyomuua mwendeshaji aliyekuwa akimwongoza kwa pikipiki, na yeye mwenyewe akaumia nyonga na mgongo. Tangu hapo alikuwa anabadili urefu wa kiti chake mara kwa mara, hata mashindano yakiendelea. Mume wangu alisikiliza gizani. "Bingwa huyo," alisema mwishowe, "hakusubiri azoee."

Wanawake wa Kigali

Magoti yalitulia kwanza, ndani ya wiki mbili. Michubuko ikapona, kwa mafuta ya Mama na kaptura ya kubana isiyo na mshono katikati, ambayo aliishona yeye mwenyewe, nami huivaa chini ya sketi. Ganzi ya vidole ndiyo iliyochelewa kuondoka, hadi nilipojifunza kulegeza viwiko na kubadili mahali pa kushika kila baada ya kilomita moja au mbili. Kilimani siku hizi nasikia mapafu na mapaja, na hayo ni maumivu ya haki, ya mtu anayefanya kazi.

Septemba ile Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Jumamosi ya tarehe 27 tulitazama mbio za wanawake, zaidi ya kilomita 160 za vilima, nyumba nzima mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mkanada Magdeleine Vallieres ndiye aliyeshinda. Mama mkwe hakuwa na habari na nani yuko mbele. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kikubwa, chenye sponji mpya, akitazama migongo na nyonga za wale wanawake wanapopanda mlima wa mawe.

"Hakuna anayeyumba," alisema. "Kila mmoja kashonewa yake."

Sehemu ya mwisho ya habari hii ni ya Oktoba. Mume wangu alirudi kazini jioni, akasimama kwenye ngazi za baraza, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Ni mkao ambao nimeuona miaka 16. Nilikuwa nimeuzoea kama nilivyoizoea sauti yake, na kwa kuuzoea nikaacha kuuona.

"Panauma wapi?" nikamuuliza.

"Nitaz..." alianza. Akanyamaza. Akatazama ukuta, pale penye namba zangu za penseli. Kisha akanigeuzia mgongo, akapandisha shati, akaweka kidole juu kidogo ya mkanda. "Hapa," alisema. "Na hapa. Hasa nikiinama kuchota udongo."

Mama mkwe alikuwa ameshanyanyuka kwenda kuleta futi.

Tulimpima kutoka sakafuni hadi kiunoni. Kesho yake, kabla ya kupanga tofali la kwanza, alipandisha ubao wake wa udongo juu ya mawe, akauinua hadi asilazimike kuinama kila anapochota. Namba yake aliiandika ukutani barazani, pembeni ya yangu.